Eti Wanabonyeza Vitufe Tu

Kaka yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka minne, na tangu tukiwa wadogo Tanga sijapata kumjibu mbele ya watu. Leo ninamjibu, tena kwa maandishi, kwa sababu jambo lenyewe limenikaa kooni na kwa mdomo nitalivuruga. Mwaka jana aliichukua kompyuta ya mjukuu wetu, kijana wa miaka 19, akaifungia kabatini. Kosa la kijana ni kwamba anakesha akitengeneza muziki kwenye kompyuta hiyo badala ya kujifunza kupiga ala. "Huo si muziki," kaka aliniambia kwenye simu. "Ni kubonyeza vitufe tu. Mashine haina roho. Kitu kinajirudia vile tangu magharibi mpaka alfajiri, hata mwendawazimu anaweza."

Nikasema, "Sawa, kaka," nikakata simu. Lakini sikuwa sawa hata kidogo, maana maneno hayo yote nimewahi kuyasema mimi mwenyewe, na mahali niliponyang'anywa ninapajua. Ni ndani ya vani ya mikate, kwenye barabara ya M25 inayoizunguka London, mwaka 1995.

Nilifika Uingereza mwaka 1993, na kibarua changu cha kwanza cha maana kilikuwa kusambaza mikate usiku. Tulikuwa wawili katika gari. Mwenzangu alikuwa kijana wa Kent, mpole, mwenye nywele za kuficha macho, na gari lilikuwa na redio ya kaseti. Kwa kuwa tulipeana zamu ya kuchagua kaseti, yeye alivumilia marehemu Mbaraka Mwinshehe kwa saa nzima, na mimi ikanibidi nivumilie vya kwake. Usiku mmoja akaweka kaseti yenye ganda la rangi ya kahawia. Ikaanza na sauti ya mtu akisema sentensi moja. Akairudia. Akairudia tena. Nikadhani kaseti imekwama, nikanyoosha mkono niitoe kabla haijaliwa na mashine. Kijana akanishika mkono, akaniambia nisikilize. Ndipo nikagundua kwamba sentensi ile ilikuwa inasemwa mara mbili kwa pamoja, moja sikio la kulia na moja la kushoto, na kwamba zilikuwa zinaachana polepole, kama watu wawili waliotoka nyumbani pamoja na mmoja ana mguu mwepesi zaidi. Maneno yalikuwa yale yale, na bado kila mara yalikuwa mapya.

Hao walikuwa Orbital, ndugu wawili wa tumbo moja, Phil na Paul Hartnoll, wenyeji wa Kent kama mwenzangu. Kaseti ile ilikuwa albamu yao ya pili, ya mwaka 1993. Nikamwuliza jina lao maana yake nini, akacheka, akaonyesha kioo cha mbele. Jina lao ni barabara ile ile tuliyokuwa tunaipita. M25 inaizunguka London kama mkanda wa kiunoni, kilomita 188, na ilikamilika mwaka 1986. Miaka michache baadaye vijana waliitumia kukimbilia disko za siri zilizofanyika kwenye mabohari na mashamba, wakisimama vituo vya petroli na kupiga simu kuulizia safari hii ni wapi.

Sasa nitamchukulia kaka hoja zake moja moja, ingawa si kwa mpangilio aliozitoa.

Anasema vitufe. Haya, na tuvitazame vitufe. Wimbo uliowatoa hawa ndugu unaitwa "Chime". Waliutengeneza nyumbani kwa wazazi wao na kuurekodi kwenye mashine ya kaseti ya baba yao, mashine ya kawaida ya kusikilizia muziki sebuleni. Ukatoka kidogo kidogo mwishoni mwa mwaka 1989, na mwaka 1990 kampuni kubwa ikautoa upya, ukapanda hadi namba 17 katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Uingereza. Kaka, wewe na mimi tulirekodi nyimbo tano katika ujana wetu. Tulisafiri kutoka Tanga hadi Dar es Salaam tumebanana na ala zetu, tukapangiwa muda, tukapiga, fundi mitambo akatuambia basi, tukarudi. Nyimbo zetu hatukuwahi kuzimiliki. Mwenye bendi alizimiliki, na mimi mpaka leo sina hata nakala. Halafu unaniambia kijana anayeweza kutengeneza wimbo nyumbani kwa mama yake, akaumiliki, amepungukiwa na kitu?

Na vitufe vyenyewe si rahisi kama unavyodhani. Jukwaani Orbital walitumia visanduku vidogo vya aina ya Alesis MMT-8. Kisanduku kimoja kinakumbuka mistari minane ya muziki, na kila mstari una kitufe chake cha kuuzima na kuuwasha. Unganisha visanduku kadhaa namna hiyo na utakuwa na bendi nzima chini ya vidole. Wao hawakuwa wanabonyeza kimoja na kukunja mikono. Walikuwa wanaingiza besi, wanatoa ngoma, wanaacha kinanda peke yake, wanasikiliza umati unataka nini, wanaurudisha mdundo pale watu walipokwisha kukata tamaa. Hivyo wimbo mmoja haukuwa na urefu ule ule usiku hadi usiku. Wewe ulikuwa mpuliza tarumbeta. Unakumbuka yule kiongozi wetu wa bendi alivyokuwa akiinua kidole kimoja wapuliza tarumbeta mnyamaze, kingine gitaa la solo liingie? Hakuwa anapiga kitu. Ulimwita fundi.

Anasema kujirudia. Hapa, kaka, ninakushangaa kweli, na nitakaa kidogo. Mimi nilikuwa gitaa la ridhimu. Kazi ya gitaa la ridhimu ni nini, kama si kurudia? Wimbo ukifika kwenye chemko mimi nilikuwa na vijisauti sita au saba, nikavizungusha dakika kumi, kumi na mbili, mpaka vidole vikatoka malengelenge, na kama ningebadilisha hata kimoja mngenitukana nyote. Ukumbi ulikuwa unapagawa pale pale. Hakuna mtu aliyenifuata baada ya dansi kuniambia kwamba mwendawazimu angeweza. Ngoma zetu zote za asili zinajua siri hiyo, na dhikri inaijua. Unapokirudia kitu, msikilizaji anaacha kukingoja kingine na anaanza kukisikia hicho hicho. Sikio huingia ndani yake kama mtu anayezoea giza la chumba na kuanza kuona vyombo.

Tena kuna serikali iliyowahi kukubaliana na wewe, na sidhani utafurahia kuwa upande wake. Mwezi Mei mwaka 1992, vijana wanaokadiriwa kufika elfu 20 au zaidi walikusanyika mahali paitwapo Castlemorton, magharibi ya Uingereza, wakacheza kwa siku kadhaa bila kibali. Wenyeji walikereka, na sikatai kwamba walikuwa na haki ya kukereka. Mimi mwenyewe nikipigiwa muziki siku tano dirishani ningetoka na panga. Lakini jibu la serikali lilikuwa sheria ya mwaka 1994 ya makosa ya jinai na utulivu wa umma. Kifungu cha 63 kiliwapa polisi uwezo wa kutawanya mikusanyiko ya usiku yenye muziki wa kelele uwanjani, na ili mawakili wasije wakasema kwamba kelele zile si muziki, wabunge wakaandika kwamba muziki ni pamoja na sauti ambazo sifa yake kubwa ni mfululizo wa mipigo inayojirudia. Fikiri, msomaji: Bunge la Uingereza, lenye karne zote zile, limekaa, limejadili, na limeitaja mipigo inayojirudia katika sheria ya nchi. Na sheria hiyo haijafutwa.

Niliposomewa kifungu kile na mwenzangu ndani ya vani nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Niliona kwamba ninaijua sheria hii. Babu yetu alituhadithia jinsi wakati wa Mwingereza ngoma mjini ilivyohitaji kibali cha mkuu, na asiye na kibali alitiwa ndani. Waliotunga kanuni zile nao walisikia mipigo inayojirudia tu. Hawakusikia kingine, kwa hiyo wakadhani hakuna kingine.

Orbital walijibu kwa namna ninayoipenda mpaka leo. Mwaka ule ule wa 1994, katika santuri yao iitwayo "Are We Here?", waliweka kipande kilichopewa jina la mswada ule pamoja na alama ya kuuliza. Ukikisikiliza husikii kitu. Ni kimya, dakika kadhaa za kimya. Hakuna mpigo unaojirudia, kwa hiyo hakuna kosa. Wawili wengine, Autechre wa kaskazini ya Uingereza, walikwenda mbali zaidi. Walitoa santuri yenye wimbo ambao ngoma zake zilipangwa zisijirudie, wakawashauri wapigaji disko wawe na wakili na mtaalamu wa muziki karibu endapo polisi watafika. Haya ndiyo matendo ya mashine zisizo na roho.

Na kabla ya hapo kuna jambo la kodi. Mwaka 1990 hawa ndugu walialikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops, ambacho nchi nzima ilikitazama. Katika kipindi kile kwa kawaida muziki ulitoka kwenye rekodi na wanamuziki waliigiza kupiga. Wao hawakujisumbua sana kuigiza. Walisimama nyuma ya mitambo yao wamevaa fulana za kupinga kodi iliyokuwa imeanza mwaka huo huko Uingereza, kila mtu mzima kutozwa kwa kuwa yupo tu, tajiri na maskini sawasawa. Kodi ya kichwa! Kodi ile ile waliyotuletea sisi, wakamtia babu yetu mbioni, ndiyo waliyokwenda kuwatoza wenyewe kwa wenyewe, na wao hawakuistahimili miaka mitatu. Machi 1990 palichafuka katikati ya London, na kufikia mwaka 1993 kodi ile ilikuwa imezikwa. Sidai kwamba fulana mbili ziliizika. Ninasema tu kwamba ninawajua wapiga gitaa wengi wa kuheshimika, mimi nikiwa mmoja wao, ambao wangepewa dakika tatu za televisheni wangevaa shati lililopigwa pasi.

Nimebakiza roho, nayo ndiyo hoja kubwa.

Katika kaseti ile ya rangi ya kahawia, karibu na mwisho, kuna wimbo unaoitwa "Halcyon + On + On". Mama yao Orbital aliteseka kwa miaka na uraibu wa vidonge vya usingizi viitwavyo Halcion. Hakuvinunua kichochoroni, ni dawa iliyoandikwa na madaktari, ambayo Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1991. Wanawe waliutengeneza wimbo huo kwa ajili yake. Walichukua sauti ya mwimbaji Kirsty Hawkshaw kutoka wimbo mwingine, wakaikatakata, wakaigeuza nyuma-mbele, ikawa haina tena hata neno moja linaloeleweka. Inabaki pumzi na ulaini. Mtu anajaribu kusema na hawezi, na hajali kwamba hawezi. Mwenzangu wa vani hakunieleza habari za mama yao mpaka wimbo ulipokwisha. Sikuhitaji. Mama yangu, ambaye ni mama yako wewe kaka, miaka yake miwili ya mwisho alikaa barazani Ngamiani akizungumza namna ile ile, kwa upole, maneno yaliyogeuka, na sisi tukiitikia "ndiyo mama". Nilimwacha katika hali hiyo nikaja Ulaya. Alifariki nikiwa huku. Nilisimamisha gari pembeni ya barabara, mikate ikachelewa, na mwenye kampuni alinikata mshahara wa siku.

Miaka 20 niliyopiga gitaa sikuwahi kutengeneza kitu ambacho kingemfaa mama kama kile. Nilikuwa na nyuzi sita, na kila ulimi wa mbao na chuma ulikuwa hai mkononi mwangu, na nilizitumia kuwapigia walevi wapate kuinuka. Sijutii. Lakini usiniambie roho inakaa kwenye nyuzi.

Ninajua kaka atasema nini hapa, maana ana kidonda halali. Mwanzoni mwa miaka ya 90 mwenye bendi alinunua kinanda cha umeme, na kinanda kimoja kikawala wapuliza tarumbeta wanne. Yeye alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani na tarumbeta yake ndani ya mfuko wa kiroba, akaitundika ukutani, na hakuishusha tena. Sitalipuuza hilo. Tena ninakubali zaidi ya hapo: kinanda kile kilikuwa kibaya. Sauti yake ya tarumbeta ilikuwa kama mbuzi aliyebanwa na mlango, na mwenye bendi alijua, ila hakikudai posho.

Ila tutenganishe vitu viwili, kaka. Kuna mashine iliyowekwa ijifanye wewe, kwa bei ya chini. Hiyo ni wizi, na mwizi ni aliyeinunua. Na kuna mashine iliyopewa watu wanaoisikiliza ina sauti gani yake yenyewe, wakaitoa hiyo. Orbital hawakumwachisha mpuliza tarumbeta yeyote kazi. Hakuna bendi duniani ambayo ingepiga "Chime" mashine isingekuwapo. Ni kama kuilaumu cherehani kwa kuwa haisuki mikeka.

Na baba yetu, je, umemsahau? Mpiga matari wa maulidi, mtu aliyejua ngozi ya mbuzi dume na ya jike kwa kugusa tu. Siku niliyoleta gitaa la umeme nyumbani alilitazama waya wake mpaka ukutani, akasema, "Umeme ndio unaopiga, si wewe." Ulikasirika kuliko mimi. Ulimwambia mama usiku ule kwamba mzee amepitwa na wakati. Nilikuwa macho, nilikusikia.

Sitaki mtu adhani nimekuwa shabiki asiye na masikio. Orbital wana kazi za kupita tu. Albamu yao ya mwaka 2001 niliinunua kwa pesa zangu na nikaigawa. Waliachana mwaka 2004, wakarudiana 2009, wakaachana 2014, wakarudiana 2017. Sitaki kuingilia mambo ya nyumba ya watu, ndugu ni ndugu. Hata siku yao kubwa, tamasha la Glastonbury la mwaka 1994, siijui ila kwa televisheni na kwa kusimuliwa. Wamesimama gizani wamevaa miwani yenye taa mbili pembeni, ili waone vitufe vyao, na umati wote unaona vimulimuli viwili vinavyotikisika. Mpaka wakati ule muziki wa namna ile ulikuwa umebanwa pembeni katika tamasha lile la magitaa. Mwaka uliofuata ukapewa hema lake rasmi.

Lakini tarehe 29 Agosti 2012 niliwaona tena, London, kwenye ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya walemavu. Walipiga pamoja na Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Cambridge, sauti yake ikisikika ndani ya wimbo wao. Hawking alipoteza sauti yake mwaka 1985 baada ya kupasuliwa koo. Tangu hapo alizungumza kwa mashine: alichagua neno, kompyuta ikalitamka. Akabaki na sauti ile ile ya kwanza aliyopewa, isiyopanda wala kushuka, hata zilipotokea nzuri zaidi, kwa sababu watu walikwisha kuijua kuwa ndiyo yake. Alibonyeza kitufe, kaka. Mwishoni hakuweza hata hicho, akawa anaendesha kompyuta kwa msuli wa shavu. Nani atasimama mbele yangu aseme kwamba mtu yule hakuwa anazungumza?

Mjukuu wetu alinitumia wimbo wake mmoja kabla hujamnyang'anya. Una dakika sita. Dakika nne za kwanza ni mbovu, nimemwambia. Halafu ghafla kila kitu kinanyamaza na inaingia sauti ya tarumbeta, fupi, ya mbali, imekatwa na kurudiwa, imekatwa na kurudiwa. Nilimwuliza ameitoa wapi. Akasema ameichukua kwenye kaseti ya zamani aliyoikuta kwenye sanduku la babu, ya bendi fulani, jina limefutika.

Ninakuja Tanga mwezi wa 12. Kaseti ya kahawia ninayo bado, ninakuja nayo. Redio ya kuichezea utafute wewe, huku hazipatikani. Ufunguo wa kabati najua uko kwenye mfuko wa koti lako la Idi.